Kwa nini Waneandathali waliisha na sisi tukabaki: maelezo yanayoshindana, na yapi ya kuchukua

Kila anayeanza kusoma habari za Waneandathali, binadamu wa kale wa aina tofauti na yetu, hung'ang'ania jibu alilokutana nalo kwanza. Aliyeanzia kwenye makala ya hali ya hewa atakwambia baridi iliwamaliza. Aliyeanzia kwenye televisheni atakwambia tuliwachinja. Mpenzi wa vinasaba atasema hawakwisha kabisa, wamo ndani ya damu za watu. Na wengi, hasa waliokomea kwenye daftari la historia la kidato cha kwanza, watakwambia bila kupepesa macho kwamba tuliwazidi akili, basi.

Hapa ninayaweka maelezo hayo ana kwa ana, mawili mawili, kwa ajili ya mtu anayetakiwa kuchagua: mwanafunzi mwenye mdahalo, mwalimu anayeandaa somo, au msomaji tu asiyependa kubabaishwa. Sitajifanya sina upande. Ninao, na mtauona mapema.

Tuanze na yasiyo na ubishi mkubwa. Mifupa iliyowapa jina ilifukuliwa mwaka 1856 na wachimba chokaa kwenye bonde la Neander, karibu na mji wa Düsseldorf, Ujerumani. Mwaka 1864 mwanajiolojia William King akawapa jina la kisayansi, Homo neanderthalensis. Waliishi Ulaya na Asia ya magharibi, hadi kwenye milima ya Altai huko Siberia, kwa zaidi ya miaka 300,000. Mwaka 2014 timu ya Tom Higham wa Chuo Kikuu cha Oxford ilipima upya umri wa maeneo kama 40, kuanzia Hispania hadi Urusi, ikakuta kwamba dalili zao zinakatika kati ya miaka 41,000 na 39,000 iliyopita. Hazikatiki zote kwa mpigo. Mahali fulani zinatoweka mapema, pengine zinachelewa. Na binadamu wa aina yetu walikuwa wameshafika Ulaya maelfu ya miaka kabla ya hapo.

Jibu lolote utakalopewa, lipitishe kwenye maswali matatu. Je, tarehe zinakubali? Je, sababu hiyo haikuwahi kuwapata zamani wakaivuka? Na la tatu, ambalo karibu kila mtu hulisahau: je, linaeleza kwa nini hata watu wa aina yetu waliotangulia kuingia Ulaya walikufa wakaisha? Maana walikufa kweli, na tutafika huko.

Akili au idadi

Maelezo ya akili ndiyo makongwe na ndiyo matamu, kwa kuwa yanatusifu sisi. Yalipata nguvu kwa Marcellin Boule, Mfaransa aliyechunguza mifupa ya mzee wa La Chapelle-aux-Saints iliyopatikana mwaka 1908. Alimwonyesha kama nusu sokwe: magoti yamepinda, shingo imetangulia mbele. Baadaye wachunguzi wengine walibaini kwamba mzee yule alikuwa ameliwa na ugonjwa wa viungo. Sura aliyopewa na Boule imebaki vichwani mwa watu hata hivyo, na ndiyo hiyo inayochorwa mpaka leo kwenye vikaragosi vya mtu wa pangoni mwenye rungu.

Ukikaa chini na ushahidi wenyewe, hoja ya akili inaanza kuyumba. Ubongo wao haukuwa mdogo kuliko wetu. Mfupa mdogo wa kooni unaoshikilia ulimi, uliopatikana kwenye pango la Kebara nchini Israeli, unafanana sana na wa kwetu. Walitengeneza gundi nyeusi kwa kuunguza magome ya miti mahali pasipoingia hewa ya kutosha, wakagandishia ncha za mawe kwenye mipini. Kwenye pango la Bruniquel, kusini magharibi mwa Ufaransa, waliingia gizani zaidi ya mita 300 kutoka mlangoni, wakavunja nguzo za chokaa zinazoota sakafuni, vipande kama 400, wakavipanga kwa duara na kuwasha moto juu yake. Hiyo ilikuwa miaka 176,500 iliyopita, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumsingizia kazi hiyo.

Kuzika nako hakututenganishi. Kwenye pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, watafiti wakiwemo wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya walimkuta mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, amelazwa ubavu, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na kichwa kimekaa kana kwamba kiliegemezwa kwenye mto uliooza zamani. Walimpa jina la Mtoto. Alizikwa miaka kama 78,000 iliyopita, na habari zake zilipotangazwa mwaka 2021 likawa ndilo kaburi kongwe zaidi la binadamu wa kisasa lililothibitishwa Afrika. Ni ugunduzi wa kujivunia. Lakini Waneandathali nao walizika watu wao, na huko Mashariki ya Kati makaburi yao na yetu yanakaribiana kwa umri na kwa namna. Anayetaka kujenga hoja ya akili juu ya makaburi anajenga kwenye mchanga.

Kuna kitu kimebaki upande wa akili? Kipo, na haki ni kukitaja. Sindano za mfupa zenye tundu hazijaonekana kwenye matabaka ya Waneandathali, na bila sindano ni shida kushona nguo ya ngozi inayobana mwili kwenye baridi ya kuganda. Sanamu ndogo zilizochongwa kwa pembe za mamothi (tembo wa kale waliokwisha kutoweka), kama zile za mapango ya kusini mwa Ujerumani zenye miaka kama 40,000, ni kazi ya mikono yetu. Zana zetu za mawe zilizidi kuwa ndogo, nyepesi, za kurushwa kutoka mbali.

Ila jiulize vitu hivyo vilitoka wapi. Watu wa aina yetu waliishi Afrika zaidi ya miaka 200,000 kabla ya kuchonga sanamu za pembe za mamothi, na kichwa kilikuwa kilekile. Ufundi hutunzwa na wingi wa watu wanaotembeleana. Kijiji chenye fundi mmoja wa majahazi kikimpoteza fundi huyo kabla hajamfundisha mtu, wajukuu watavua kwa mitumbwi ya kuchonga, na hakuna atakayesema wajukuu hao ni wajinga. Kwa hiyo hata pale ambapo hoja ya akili ina ushahidi, ukiufuata ushahidi huo unakupeleka kwenye idadi.

Na kwenye idadi ndiko kulikojaa habari.

Mwaka 2022, Laurits Skov na wenzake wa Taasisi ya Max Planck ya Leipzig walitoa matokeo ya vinasaba vya Waneandathali 13 kutoka mapango mawili ya Altai. 11 kati yao walitoka pango la Chagyrskaya. Miongoni mwa wenzake alikuwemo Svante Pääbo, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huohuo. Humo pangoni walimkuta baba na binti yake, mwari. Walimkuta pia mvulana pamoja na mwanamke mtu mzima ambaye vinasaba vinaruhusu awe shangazi yake, bibi yake au binamu. Ni mara ya kwanza mtu yeyote kuiona familia ya Waneandathali kwa jinsi hiyo, watu walioota moto mmoja. Na kundi lao lote, kwa hesabu ya vinasaba, lilikuwa la watu kati ya 10 na 20. Zaidi ya nusu ya wanawake walikuwa wametoka makundi mengine, maana yake ni mabinti waliokuwa wakihama na wanaume wakibaki nyumbani. Mtindo huo sidhani kama unahitaji kuelezewa kwa msomaji wa huku. Lakini hata kwa kubadilishana mabinti, vinasaba vyao vilifanana kupita kiasi, kwa kiwango tunachokiona leo kwa wanyama waliokaribia kutoweka.

Si wao tu. Mwanamke wa Kineandathali aliyepatikana kwenye pango la Denisova, huko huko Altai, alizaliwa na wazazi wenye undugu wa karibu kiasi cha ndugu waliochangia mzazi mmoja. Kwenye pango la El Sidrón, Hispania, mifupa ya watu 13 inaonyesha kasoro nyingi za kuzaliwa nazo, aina ambayo hutokea pale watu wanapooana ndani kwa ndani. Halafu yuko yule waliyempa jina la Thorin, kwenye pango la Mandrin katika bonde la mto Rhône, Ufaransa. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2024: aliishi mwishoni kabisa mwa enzi yao, lakini ukoo wake ulikuwa umejitenga na Waneandathali wengine wa Ulaya kwa takriban miaka 50,000. Hebu tafakari. Kulikuwa na Waneandathali wengine upande wa pili wa milima, na kwa miaka 50,000 hapakuwa na kuoana.

Utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2024 ulikadiria kwamba Waneandathali waliokuwa wakichangia uzazi walikuwa takriban 2,400 tu. Idadi hiyo ni ya hesabu za vinasaba na ni ndogo kuliko vichwa halisi, lakini inatosha kukuonyesha hali. Krist Vaesen na wenzake mwaka 2019 walionyesha kwa programu za kompyuta kwamba jamii ndogo za namna hiyo zinaweza kuisha zenyewe ndani ya miaka 10,000 bila adui, kwa kuoana ndugu, kukosa wenza, na bahati mbaya ya kawaida ya kuzaliwa na kufa. Mwaka huohuo timu ya Anna Degioanni ikakokotoa kwamba uzazi wa akina mama vijana ukishuka kwa asilimia 2.7 tu, Waneandathali wanaisha katika muda kama huo. Asilimia 2.7 ni punguzo ambalo hata wao wenyewe wasingeliona.

Upande wetu hali ilikuwaje? Olorgesailie, Kenya, miaka kama 300,000 iliyopita, watu walikuwa wakitumia obsidiani, kile kioo cheusi cha volkano, kilichotoka mbali, kingine zaidi ya kilomita 50. Baadaye sana, kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita, shanga za maganda ya mayai ya mbuni za Afrika Mashariki na za kusini mwa Afrika zilitengenezwa kwa mtindo mmoja. Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga zaidi ya 1,500 na kuonyesha hivyo. Umbali ni kama kilomita 3,000. Waliozivaa shanga hizo hawakuwa ndio waliokwenda Ulaya. Ila zinaonyesha aina ya maisha: watu wa mbali wanaofahamiana, au angalau wanaofahamiana na wanaofahamiana nao. Mawe ya Waneandathali, kwa kawaida, hayakusafiri mbali na nyumbani.

Kwa hiyo kati ya akili na idadi, chukua idadi. Lakini usiichukue peke yake, kwa sababu inafeli swali la pili. Waneandathali walikuwa wachache muda wote. Kama uchache ulitosha kuwaua, mbona haukuwaua miaka 100,000 mapema?

Baridi au wageni

Hapa panahitajika kitu kilichotokea kipindi kile na si kingine. Wagombea ni wawili.

Wa kwanza ni hali ya hewa, na wanaoitetea hawakosi hoja. Dunia ilikuwa ndani ya enzi ya barafu, na barafu ile haikuwa tulivu. Joto lilipanda na kushuka kwa ghafla. Chokaa ya kwenye mapango ya Romania imehifadhi kumbukumbu ya vipindi viwili vya baridi na ukame mkali, kimoja miaka kama 44,000 iliyopita, kingine karibu na 40,500. Juu ya hayo, volkano ya Campi Flegrei karibu na Napoli, Italia, ililipuka miaka kama 40,000 iliyopita, mlipuko mkubwa kuliko wote Ulaya kwa miaka 200,000, na majivu yake yakafika hadi Urusi.

Volkano inapendwa sana na watengeneza video, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Majivu yale yamekutwa kwenye mapango ya Ugiriki na hata Libya, na yanakaa juu ya matabaka ambamo mabadiliko ya kutoka kwao kuja kwetu yalikuwa yameshatokea. Marehemu walikuwa wamekwisha kuzikwa, ndipo muuaji akafika. Tarehe zimekataa.

Baridi yenyewe inavuka swali la tarehe lakini inakwama kwenye la pili. Waneandathali walipita kwenye baridi ya miaka 70,000 iliyopita, na ile kali zaidi ya kabla ya miaka 130,000. Walijua kuhamia kusini, kujibana kwenye mabonde yenye nafuu, kisha kurudi kaskazini joto likirejea. Isitoshe, walikuwa na miili mifupi iliyojaa, yenye kutunza joto, wakati sisi tulikuwa tunatoka kwenye jua. Kama baridi ndiyo ilichagua nani abaki, ilichagua vibaya.

Na mwaka 2024 ushahidi wa Ranis ukaongeza uzito. Chini ya ngome ya mji huo, katikati mwa Ujerumani, lipo pango ambamo vipande vya mifupa ya watu wa aina yetu vimepatikana, vingine vyenye miaka kama 47,500. Kemikali za meno ya farasi wa pango hilo zinaonyesha kwamba kulikuwa na baridi ya nyika za Siberia, nyuzi 7 hadi 15 chini ya wastani wa leo. Yaani watu wetu waliingia Ulaya ya kaskazini katika majira mabaya kabisa. Hoja ya kwamba baridi iliwafukuza wao na kutufungulia mlango sisi haiendani na hilo.

Mgombea wa pili ni sisi wenyewe, wageni. Tarehe zinakubali vizuri: katika sehemu nyingi, wao wanatoweka si muda mrefu baada ya sisi kufika. Swali la pili nalo linajibika, kwa kuwa wageni kwa wingi ule hawakuwahi kuja. Paul Mellars na Jennifer French walidai mwaka 2011 kwamba kusini magharibi mwa Ufaransa idadi ya watu iliongezeka mara kumi hivi tulipochukua nafasi yao. Namna walivyohesabu imepingwa, na mimi nisingeitegemea mara kumi hiyo kama ndiyo silaha yangu, ila mwelekeo unaeleweka. Mawindo ni yaleyale, mapango ni yaleyale, maji ni yaleyale. Kundi la watu 15 lililokuwa likizunguka bonde tatu linajikuta na bonde moja, na jirani aliyekuwa akiwapa mabinti hafikiki tena.

Wengi huishia hapo na kufunga daftari: wageni walishinda. Ngoja kwanza. Rudi kwenye swali la tatu.

Kwenye Mlima Karmeli na Galilaya, watu wa aina yetu waliishi kati ya miaka 120,000 na 90,000 iliyopita, katika mapango ya Skhul na Qafzeh. Wakatoweka. Baadaye, karibu na miaka 60,000, mapango ya eneo hilo yana Waneandathali. Mandrin, kulekule kwa Thorin, jino la mtoto wa aina yetu lina miaka kama 54,000. Juu yake linafuata tabaka la Waneandathali, waliorudi wakaishi hapo maelfu ya miaka. Watu wa Ranis, pamoja na mwanamke wa Zlatý kůň huko Ucheki ambaye ni wa jamii moja nao, walikuwa mia chache tu kwa hesabu ya vinasaba, na hawakuacha uzao kwa yeyote anayeishi leo. Kijana wa Oase, Romania, mwenye miaka kama 40,000, naye ukoo wake umekatika.

Hawa wote walikuwa sisi. Walikuwa na ubongo wetu, na walioishi Ulaya walikuwa na zana walizokuja nazo. Na walikufa kama Waneandathali wanavyokufa: wachache, wametawanyika, wametengana na wenzao.

Tofauti iko nyuma yao. Kundi la Mandrin lilipozimika, huko Asia ya magharibi na Afrika walikuwepo wengine. Watu wa Ranis walipoisha, wakaja wengine wasio wa ukoo wao, na hao nao wakafuatwa na wengine. Utafiti mmoja wa mwaka 2024 umependekeza kwamba uwanda wa juu wa Uajemi ndio uliokuwa kituo ambako watu waliotoka Afrika walikaa maelfu ya miaka kabla ya kusambaa. Kituo kiwe hapo au pengine, sisi tulikuwa na ghala. Waneandathali walikuwa kwenye ncha ya bara, bahari magharibi, barafu kaskazini, na sisi mashariki na kusini. Kundi lao likizimika, hapakuwa na wa kuja kujaza nafasi.

Hii ndiyo hoja yangu, na ndiyo sababu nasema idadi na wageni vichukuliwe pamoja kama jibu moja. Waliotuokoa sisi ni wale waliobaki nyuma. Mashujaa wa mstari wa mbele, kwa sehemu kubwa, walipotea.

Vita au ndoa

Hili ni swali la namna: wageni walipofika, nini kilitokea baina yao na Waneandathali? Linavutia kuliko umuhimu wake.

Kwa vita, kielelezo kinachotajwa sana ni Mneandathali wa pango la Shanidar, Kurdistani ya Iraki, anayeitwa Shanidar 3. Mbavu yake ya 9 upande wa kushoto ina mkato wa kitu chenye ncha. Steven Churchill na wenzake walifanya majaribio mwaka 2009, wakasema mkato huo unalingana na silaha nyepesi iliyorushwa, aina ambayo ni sisi tuliokuwa nayo. Inawezekana. Jeraha lilikuwa limeanza kupona, kwa hiyo aliishi wiki kadhaa baada ya hapo. Kutoka kwenye mbavu moja hadi mauaji ya halaiki ni safari ndefu. Hakuna pango lenye rundo la Waneandathali waliouawa na silaha zetu. Ugomvi bila shaka ulikuwepo, watu ni watu, ila anayesimamia mdahalo kwa hoja ya vita ataombwa ushahidi na atabaki na mbavu ile mkononi.

Kwa ndoa, au tuseme kuzaa pamoja bila kujua kama palikuwa na mahari, ushahidi uko tele. Watu wenye asili ya nje ya Afrika wana asilimia 1 hadi 2 ya vinasaba vya Waneandathali. Waafrika tunavyo pia, kidogo zaidi, karibu asilimia 0.3, vilivyoletwa na watu waliorejea Afrika. Kijana wa Oase alikuwa na babu wa Kineandathali vizazi vinne hadi sita nyuma yake. Mchanganyiko mkubwa unakadiriwa kutokea kati ya miaka 50,000 na 43,000 iliyopita.

Basi je, waliyeyuka ndani yetu tu? Nusu ya jibu. Vinasaba vya Waneandathali watano wa mwisho mwisho, kutoka Ubelgiji, Ufaransa, Kroatia na Urusi, vilisomwa mwaka 2018 na havikuonyesha damu yetu ya karibuni. Watoto wa mchanganyiko tunaowaona walikulia upande wetu. Tena hakuna aliye hai leo mwenye vinasaba vya mitokondria vya Kineandathali, vile vinavyopita kwa mama peke yake. Kama wao walikuwa wakipoteza vijana wao kwetu na wasipate kitu, kwa jamii ya watu 15 hilo ni pigo. Ndoa basi inaingia kwenye hesabu ya idadi kama mojawapo ya matundu ambayo maji yalivujia. Haisimami kama jibu linalojitegemea.

Magonjwa na mbwa nitayataja kwa kuwa mtakutana nayo. Kwamba tuliwaambukiza maradhi kutoka nchi za joto ni wazo lenye mantiki ambalo mifupa haijalithibitisha. Kwamba tulisaidiwa na mbwa kuwinda ni wazo zuri lenye kasoro moja kubwa: mbwa asiye na shaka, aliyezikwa pamoja na watu huko Bonn-Oberkassel, Ujerumani, ana miaka kama 14,000. Amechelewa sana.

Uchague lipi

Inategemea umeulizwa nini, na watu wengi hubishana kwa sababu wanajibu maswali tofauti. Ukiulizwa kwa nini Waneandathali walikuwa hatarini, jibu ni uchache na kutengana. Ukiulizwa kwa nini waliisha kipindi kile na si kabla, jibu ni wageni wenye ghala nyuma yao. Ukiulizwa kwa nini walitoweka mapema katika bonde hili na wakachelewa kwenye lile, hapo ndipo hali ya hewa inastahili kuitwa. Ukiulizwa kilichotokea watu hao walipokutana uso kwa uso, zungumzia uzazi kwanza, ugomvi baadaye.

Kwa mdahalo wa dakika tano, simamia idadi. Ina ushahidi wa vinasaba, ina mahesabu, na mpinzani akikupiga kwa swali la "mbona zamani hawakuisha" unamletea wageni. Anayesimamia akili mwulize kuhusu Ranis na usubiri. Mwalimu mwenye kipindi kizima anaweza kuanza na familia ya Chagyrskaya, kwa sababu wanafunzi wanaelewa haraka maana ya kijiji cha watu 15 ambamo kijana anatafuta mchumba.

Na mtu akikutolea Gibraltar, kwamba kwenye pango la Gorham Waneandathali waliishi hadi miaka 28,000 iliyopita, usibabaike. Dai hilo la mwaka 2006 lilitoka kwa timu ya Clive Finlayson. Tangu hapo maeneo mengine ya kusini mwa Hispania yaliyodhaniwa kuwa ya mwisho mwisho, kama Zafarraya, yamepimwa kwa kusafisha sampuli vizuri zaidi, na umri wake umerudi nyuma hadi zaidi ya miaka 40,000. Na hata kama pango la Gorham lingethibitika lilivyodaiwa, lingekuwa ni kundi dogo lililosalia kwenye ncha ya mwamba, bahari mbele, bila jirani wa kuoana naye.